Kikohozi Nje ya Dirisha

Baba mkwe,

Ugonile. Ona, nimekusalimia! Tangu mwanao aliponioa hadi tunakuzika sikuwahi kukutamkia hata neno moja, maana kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe wala hasemi naye. Leo nathubutu, tena kwa barua ambayo watu wataisoma. Uniwie radhi, huko uliko hatuonani.

Unaikumbuka ile njia ya kisimani? Ukinisikia nateremka na ndoo, ulikohoa ungali mbali, khu-khu, nipate nafasi ya kujitupa migombani na kujifunika kanga. Wazee wengine walitokea ghafla tu, mtoto wa watu aanguke na ndoo yake. Wewe hapana. Asubuhi moja niliteleza maji yakamwagika, nawe ukasimama kule kule umegeuza mgongo, ukampigia kelele mama mkwe: "Mwambie mkwe asikimbie hivyo. Njia ni yake!" Nilicheka peke yangu migombani hadi machozi yakanitoka.

Halafu nikaandika riwaya. Wachina walikuwa wanajenga reli, Mbeya imejaa vumbi na wageni, na mtangazaji mmoja wa redio akaniita ukumbini anihoji juu ya kitabu changu mbele ya watu. Nilikwenda na viatu vya kuazima. Akaniuliza, "Huyu baba mkwe wa kitabuni, anayemnyima bibi harusi raha kila njia apitayo, umemtoa wapi?"

Mdomo wangu huu, baba! Ningesema tu ukweli, kwamba nimemtunga, kwamba wa kwangu si hivyo. Lakini watu walishaanza kucheka, na kicheko cha watu hunilevya. Nikasema, "Njooni kwetu mumwone. Kazi yake kukohoa tu, kama mbuzi aliyenyeshewa!" Watu wakavunjika mbavu.

Ndipo nikasikia nje ya dirisha: khu-khu.

Mimi peke yangu ndiye niliyegeuka. Kumbe ulipanda basi kutoka Tukuyu kuja kunisikiliza, ukasimama kwenye manyunyu, mgongo ukutani, kwa kuwa ungeingia ningelazimika kukimbia kiti changu. Hata baada ya neno lile ulinijulisha kwa adabu kwamba upo, nisije nikajiaibisha zaidi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maswali yaliyobaki niliyajibu kwa ndiyo na hapana, na mtangazaji akadhani nimechoka.

Kesho yake mama mkwe akaniletea maneno yako. "Mzee anasema amefurahi. Hajapata kuisikia sauti yako vizuri. Anaomba umsomee hicho kitabu, wewe ukae jikoni, yeye nyuma ya ukuta wa mianzi."

Hukusema lolote juu ya mbuzi. Afadhali ungenitukana! Nikasema nina mafua. Alipouliza tena, nikasema mtoto anaumwa. Ningeusomaje ukurasa ule wa baba mkwe mkorofi na wewe uko upande wa pili wa mianzi, unausikiliza kwa furaha? Nikangoja aibu inipungue kwanza. Masika yalipoisha ukaanguka shambani, na ukuta wa jikoni haukusikia hata ukurasa mmoja.

Siku hizi tuko Iringa, mwanao kapata kazi huku. Kitabu cha pili kimetoka, nami nimeitwa tena kuhojiwa. Najua wataniuliza ninamwandikia nani, ndilo swali lao. Jibu ninalo, ila nikifikiria tu kulitamka, uso unaniwaka moto.

Jana nilikwenda kuuona ukumbi. Mlinzi alikuwa anafunga dirisha la nyuma. Nikamwomba siku ya mahojiano aliache wazi.

"Mama, na baridi hii? Kwani kuna mtu?"

"Yupo," nikamwambia. "Yeye huwa haingii ndani."

Ndaga fijo, baba, asante sana kwa njia ile. Kitabu cha kwanza nacho nitakibeba, na ukurasa ule nitausoma wote, kwa sauti. Ukifika, kohoa.

Mkweo