Mnara wa Chilangala Umewaka, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Mnara wa simu umewaka, Mama. Uko nyuma ya shule, kwenye ile mikorosho mizee uliyokuwa ukisema haizai ila inasumbua tu. Nimeufunga mimi na mafundi wenzangu. Kampuni binafsi za simu zilipoanza kuingia zilijazana Newala na Masasi mjini, huku Chilangala wakasema hakuna wateja. Leo hao wasio wateja hawalali! Bando wananunua kwa bei ya kipande cha sabuni. Bei ya korosho wanaiona kwenye simu kabla mnunuzi hajafika na porojo zake. Mama Hadija kamwona mjukuu wake aliyeko Dar, sura kabisa, akamgombeza: "Mbona umekonda, huko hawali?" Watoto wa shule nao wanasoma kwenye intaneti, au wanasema wanasoma.

Watu wananishika mkono, wananishukuru. Mimi nina hasira. Mnara umekuja umechelewa, Mama.

Siku uliyofariki nilikuwa Lulindi, juu ya mnara, nawafungia wengine mtandao. Dada Somoe alipanda baiskeli hadi ukingoni mwa mlima, kule tulikozoea kutafutia mtandao. Simu yake ikashika mtandao wa Msumbiji, salio likaisha kabla sijaitika. Akarudi analia. Jua lilikuwa kali, hakukuwa na namna, wakakuzika alasiri. Mimi niliambiwa kesho yake na dereva wa lori la korosho, naye alidhani najua. "Pole kwa msiba, fundi," akasema. Nikamuuliza, msiba gani?

Mwanao wa kiume ni mimi peke yangu. Ni mimi niliyepaswa kushuka kaburini, nikupokee, nikulaze. Mjomba alikupokea badala yangu. Ananiambia ulikuwa mwepesi. Kwa nini ananiambia hivyo?

Mwezi uliopita, mnara ukiwa umeshawaka, Mama Mkubwa naye alitutoka, asubuhi. Dada Somoe alipiga simu amekaa hapo hapo uani, na Kaka Saidi akatoka Masasi akawahi kumzika mama yake. Alishuka yeye kaburini. Mimi nilikuwa juu, nimeshika shuka la kusitiri kaburi. Nikamwona anampokea polepole, kama unavyopokea mtoto aliyelala, na shuka likanitoka mkononi. Nililia, Mama, nikashindwa kunyamaza. Watu wakasema kumbe kijana huyu alimpenda sana Mama yake Mkubwa. Nilimpenda, ndiyo. Lakini nilikuwa nakulilia wewe.

Kesho natelemka kwenye vijiji vya kando ya Ruvuma. Huko bado hawana kitu. Nakuahidi sitawaacha mpaka simu zao ziite.

Lala, Mama. Mikono yangu haikukufikia.

Mwanao,
Hamisi