Bawa la Mkonge: Mwaka Mmoja Bila Dada Yusta

Umetimia mwaka sasa, Dada Yusta, tangu asubuhi ile ya Juni ulipotutoka ukiwa na miaka arobaini na saba, joho lako la mahafali likiwa bado linanukia upya kabatini. Familia imenikabidhi kalamu mimi, Rhoda, mdogo wako, kwa sababu wanasema ndimi ninayeongea sana. Hawajui kwamba pia nina jambo la kuungama.

Tuanze na kicheko chako, maana ndicho tunachokikosa zaidi. Kilisikika kutoka karakana yako ya Chanika hadi kwa muuza chapati ng'ambo ya barabara, hata mashine ya kusaga ikiwa inanguruma. Ulikuwa ukifungua mashine ya mtu, ukaona uchafu uliomo, unacheka kwanza ndipo unashika spana. Kuna mzee wa Mnyuzi aliyesema heri mashine yake iharibike apate sababu ya kuja. Naye ulimtengenezea vizuri, akakaa miaka mitatu bila sababu.

Siku ulipotuambia kwamba umepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo na anga, ulikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mama yetu Josefina aliuliza kama chuo kinajua una watoto wawili sekondari. Ukasema kinajua.

"Na hiyo ndege utaipandia wapi?"

"Siipandi, Mama. Naitengeneza."

Mama, aliyekata mkonge miaka ishirini na sita, akafikiri kidogo. "Basi itengeneze kwa mkonge, na sisi tuone faida yake."

Sisi tulicheka. Wewe uliandika kwenye daftari.

Ukaja na milingoti ya mkonge iliyokauka, ile myepesi ambayo watoto huiburuta barabarani, ukaiunganisha, ukaivika nyuzi za mkonge na gundi, likatoka bawa. Lilikuwa bawa la droni ya kupeleka chanjo za mifugo kwenye maboma ya mbali huko Handeni, mvua inapokata njia. Rafiki yako Parsaoti alikuwa amepoteza ndama kumi na mmoja wakati chanjo imekwama upande wa pili wa korongo. Ulituambia habari hiyo mara moja tu, na siku hiyo hukucheka.

Chuo kilikuwa na chumba cha kupimia upepo, ila bawa lako lilikuwa refu kuliko chumba. Basi ukachukua pikapu ya mumeo, Shemeji Abraham, ukalifunga bawa juu yake kwenye fremu ya chuma. Kati ya bawa na gari ukaweka mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia watoto kliniki. Bawa likivuta juu, mshale unasogea. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka, Shemeji anaendesha kutoka Korogwe kuelekea Handeni, wewe pembeni yake unaangalia mwendo, na mimi nyuma nasoma mizani na kuandika.

Trafiki alitusimamisha siku ya pili.

"Mama, hii ni nini?"

"Bawa, afande."

"Ndege yake iko wapi?"

"Bado."

Akalizunguka gari mara mbili, akarudisha leseni, akasema tukiipata ndege tumpitishie aione.

Sasa naungama mbele ya watu wote. Gari likifika kilomita sitini kwa saa, fremu ile ilikuwa inalia kama mbuzi anayechinjwa, nami nilikuwa nafumba macho. Asubuhi tisa, Dada. Namba nilikuwa naziandika kwa kukisia, kila moja nikiifanya izidi kidogo ile iliyotangulia, nikaona nimekuandalia kitu kizuri.

Umebaki mwezi mmoja ukabidhi tasnifu, ukaniita mezani. "Rhoda, mdogo wangu, hizi ulizisoma au ulizitunga? Mbona zimenyooka hivi?"

Nikasema nilikuwa nimefumba macho. Nilingoja kofi. Ukacheka mpaka ukakaa kwenye gunia la mahindi, ukajifuta machozi kwa kanga. "Basi turudie," ukasema.

Shemeji alikuwa na uchungu. "Msimamizi wako ameshazikubali. Nani atajua?"

"Ndama wa Parsaoti watajua, dawa ikianguka porini."

Ukampigia msimamizi simu palepale, ukamwambia vipimo si sahihi. Hukumwambia ni vya nani. Wenzako wakavaa majoho mwaka ule, wewe ukabaki. Nilitaka kujitoa, nikakwambia tafuta mtu mwenye moyo. Ukanivalisha miwani yako ya kazini, ukanipandisha nyuma ya gari kama mtoto. Safari hii zilikuwa asubuhi ishirini na mbili, na zote nilitazama.

Mwaka uliofuata, Novemba, ulivaa joho. Ukalivaa tena Februari kwenda kwa Parsaoti, kwa kuwa alikuwa amekuagiza uje nalo, vumbi au si vumbi. Ndege yako ikapaa na kiboksi cha chanjo tumboni, ikavuka korongo.

"Yeyo, hii kitu itaangukia mbuzi yangu," Parsaoti akasema, akikuita mama kwa Kimaasai.

Ikatua kando ya uzio wa miiba, mbuzi wakatawanyika kila upande, na chupa hata moja haikuvunjika. Bibi Naitoi, mama yake Parsaoti, akalipapasa bawa, akauliza ni mti gani huu. Hukuwahi kujibu. Mama yetu, aliyekuwa amekuja nasi, alishakutangulia: "Mkonge." Alilisema akiwa amenyoosha mgongo, na njia nzima ya kurudi alikaa mbele.

Mei ukaugua. Wiki tatu tu.

Tangu tukuzike nimekuwa nikibeba jambo moja. Kumbe miaka yako ilikuwa michache, na mmoja katika hiyo nimekuibia mimi. Sikumwambia mtu. Tasnifu yako ilikaa rafuni kwangu, Kiingereza kitupu, nikawa naifuta vumbi tu. Mwezi uliopita mwanao Kaleb akaishusha, akaanza kunitafsiria ukurasa wa shukrani. Mama yupo, Shemeji yupo, Parsaoti yupo, hata yule trafiki yupo. Mwishoni kabisa uliandika hivi: "Vipimo vyote vilivyomo humu vimesomwa na mdogo wangu Rhoda. Ninaviamini."

Nilimwambia Kaleb arudie. Akarudia. Nikalia, kisha nikacheka kwa sauti kama yako, mpaka jirani akaja kuchungulia kuna nini.

Jumamosi hii, baada ya ibada, hatutakaa kwa huzuni. Tutakula pilau, na Mama ameshaagiza liwe na nyama ya kutosha. Ila kabla ya ibada, saa kumi na mbili asubuhi, Shemeji atawasha pikapu, bawa likiwa juu yake, twende mpaka Handeni na kurudi. Mizani nitaisoma mimi.

Unakumbukwa na mama yako Josefina, mume wako Abraham, watoto wako Kaleb na Hilaria, rafiki yako Parsaoti na boma lake lote, mafundi wa karakana ya Chanika, na mimi mdogo wako Rhoda. Siku zetu zote tutakukumbuka, Dada.