Mayai Kumi na Moja Kwenye Karai

Kasikeu,
9 Novemba 1986

Dada yangu Kasyoka,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa najua tangu umpate Mbuvi huketi. Je, yale mapele ya kichwani yamemwisha? Na Shemeji Kiema, amepata mabati ya kumalizia jiko? Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha mara mbili, ikatuacha tukitazama juu. Mbaazi zimeota, mahindi bado yanafikiria. Mguu wa baba ni ule ule, lakini kanisani hakosi.

Uliniuliza habari za nyoka wangu. Wewe peke yako ndiye huuliza bila kucheka, kwa hiyo nitakueleza yote.

Unawakumbuka: wale wawili wa kahawia niliowakuta ghalani mwaka jana, wasio na sumu, wanaokula panya. Nimewafuga kwenye sanduku la mbao na wavu, nikifuata kijitabu nilichoachiwa na mwalimu wetu Mmarekani wa biolojia. Kijitabu kinahusu nyoka wa kwao, ambao huitwa nyoka wa mahindi na hufugwa nyumbani kama paka. Hawa wetu si wale, lakini nilijiambia kwamba yai la nyoka ni yai la nyoka. Bwana Ndolo wa hifadhi ya nyoka kule pwani alikuwa ameniandikia kwamba nikimpelekea watoto walioanguliwa mikononi mwangu, pamoja na daftari la kila siku, atanichukua nijifunze kazi kuanzia Januari. Baba alikubali kwa sharti. Alisema amechoka kuulizwa na washirika wa kanisa kama binti yake alimaliza kidato cha sita ili awe mganga. Novemba ikifika katikati bila mtoto hata mmoja, nyoka waondoke, nami niende mjini Tulia nikauze katika duka la Mjomba Nzomo.

Jike alitaga tarehe nne Septemba, mayai kumi na moja. Niliyaweka kwenye karai lenye mchanga na unga wa mbao ulioloweshwa, nikalifunika kwa kitambaa, nikaliweka jikoni karibu na mafiga. Siku ya pili yake ujumbe wako ukaja kwamba umejifungua na huna nguvu. Nilipokuwa nahangaika, mama akasema ataniangalizia. Mama, dada! Yule ambaye akiona kamba njiani huzunguka shambani.

Nimesikia baadaye jinsi akina mama wa kikundi walivyomcheka. Mama Ndululu alimuuliza kama hao wajukuu atawabeba mgongoni kwa leso. Mama akamjibu kwamba hawa wake angalau hawatamwomba uji.

Niliporudi kutoka kwako, baada ya wiki tatu, alinishika mkono kabla sijatua mzigo, akanipeleka jikoni. Moto haukuzimika hata siku moja, alisema, na maji alinyunyiza. Kila yai lilikuwa na alama ya mkaa upande mmoja. Akanieleza kwamba kila asubuhi, kabla ya kukamua, aliyageuza yote, na alama ile ilikuwa ya kumkumbusha upande. Kuku hugeuza mayai yake mwenyewe, alisema, na kwa kuwa hapa hakukuwa na kuku, basi kuku alikuwa yeye. Alicheka sana aliposema hivyo.

Kijitabu kinasema, ukurasa wa kumi na nne, kwamba yai la nyoka likishalala halifai kugeuzwa tena. Mtoto hujishika juu, penye ganda. Ukiligeuza, anazama.

Nilichukua moja, nikalipasua nyuma ya choo. Alikuwamo, mwembamba kama kamba ya kiatu, ana macho tayari. Nilimzika, nikamwambia mama kwamba hilo lilipasuka lenyewe. Kumi yaliyobaki yamebonyea, na ukungu umeanza kuyapanda.

Hadi hapa unamlaumu mama. Usimlaumu. Ile asubuhi niliyokuja kwako, gari lilikuwa linapiga honi barabarani, naye akanikimbilia akiuliza mayai haya hutunzwaje. Nilikuwa na ukurasa wa kumi na nne kichwani, neno kwa neno. Niliona itachukua muda, na kwamba mtu aliyeishia darasa la pili hataelewa. Nikamwambia, hata bila kugeuka, yatunze kama ya kuku tu. Naye akafanya nilivyomwambia.

Sijamwambia. Siku ile jikoni nilisema asante. Sasa ni wiki sita, na bado anayageuza kila asubuhi, kwa sababu nikimkataza ataniuliza kwa nini. Leo nilimwona kupitia mlango. Alilishika moja kiganjani, akalipima, akaliweka sikioni, kisha akalifuta ukungu na kulilaza upande wa pili. Dada, mama ameatamisha kuku miaka thelathini. Yai lililokufa hulijua kwa uzito wake. Alipotoka aliniambia bado kuna siku chache. Nikasema ndiyo, zipo.

Jumapili ijayo, watu wakiwa ibadani, nitawaachilia wale wawili kule miambani. Jumatatu nitakwenda Tulia. Bwana Ndolo sijamjibu, na daftari nimeliweka chini ya godoro.

Nimekuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mama husoma Kikamba cha Biblia tu. Ukijibu, tafadhali uulize habari za mayai kama mtu asiyejua lolote.

Mbusu Mbuvi kwa ajili ya mama yake mdogo. Shemeji mpe mkono. Baba anawaombea. Mama amesimama hapa nikimalizia, ana majivu mikononi, anasema nikuandikie kwamba wajukuu wake wengine wako njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Syombua