Betri ya Kulinda Sauti ya Mama

Ibra, Ash Sharqiyah
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu Rahma,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua shikamoo itakutoka ukiona tu mwandiko wangu kwenye bahasha. Sisi huku wazima, Mungu ashukuriwe, ila joto linatupika. Goti lako vipi? Na mumeo, kile kikohozi kimemwacha, au bado anajitibu kwa tangawizi na ubishi? Nijibu yote, moja moja, usinifanyie mkato.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sikuletei nakala ya kanda za marehemu Mama, nikakupa jibu la ovyo. La kweli ni hili: tulikaribia kuipoteza sauti yake yote.

Kanda zile unazijua kuliko mimi. Wewe ulikuwa ukimbonyezea redio ya kurikodia huko Unguja, mimi nikizipokea huku. Mama hakutaka kuamini kwamba kanda si simu. Akiuliza, "Hujambo, mwanangu?" hunyamaza nimjibu, kisha husema, "Alhamdulillahi," kana kwamba amenisikia. Kanda nzima ni hivyo: neno, kimya, neno. Kanda zenyewe nilizisahau kwenye buti la gari siku tuliyohama nyumba, kiangazi, zikajikunja kama majani ya chai. Mimi huyu, ninayewafundisha watu magazetini namna ya kuishi! Bahati nilikuwa nimekwisha kuzitia kwenye kompyuta, na kutoka hapo kwenye sanduku dogo lenye diski mbili, ambalo kila kinachoandikwa kwenye diski hii huandikwa pia kwenye ile. Basi Mama yumo humo, wala hayumo pahala pengine popote.

Mama Mdogo Zuhura, tangu tumchukue akae nasi, kumbukumbu zinamtoka. Jina langu hulisahau, la dada yake halisahau. Kila siku baada ya adhuhuri kompyuta humfungulia kanda, naye hukaa mbele yake akimjibu Mama. Mwanzo nilicheka. Kisha siku moja nikasimama mlangoni nikasikiliza.

"Mmeshakula?" Mama anauliza.

"Bado, dada. Tunamngoja Seif."

"Mwacheni, atakuja."

"Atakuja amenuna, lakini."

"Ndivyo alivyo tangu mdogo."

Nimeirudia kanda ile mara nyingi. Maneno ya Mama ni yale yale, hakuna lililozidi. Ila nilipokuwa nikiisikiliza peke yangu, Mama alikuwa akimsema yule paka wenu mweupe.

Sasa njoo kwenye umeme. Kiangazi Ibra, saa saba mchana, maduka yamefungwa, mtaa mzima umelala chini ya AC. Umeme unakatika, na AC zote zinanyamaza kwa pamoja. Hujapata kusikia kimya kama kile. Ukirudi, kompyuta hujiwasha, na kwa kuwa niliipanga ifungue kanda yenyewe, maana Mama Mdogo hawezi kubonyeza kitu, Mama huanza kusema hata chumba kikiwa kitupu. Wifi yako Asya alikuwa humo akikunja nguo siku ya kwanza. Akamsikia nyuma yake: "Mbona mmeninyamazia?" Akatoka uani bila viatu, juu ya saruji inayochoma.

"Seif, mama yako anatuita."

"Programu hiyo."

"Programu inajua kulalamika?"

Nikamhutubia saa nzima. Unanijua: umri wangu wote nimegombana na watu wanaomtupia jini kila wasichotaka kukisoma. Nikaenda kununua UPS, yaani betri inayokaa baina ya ukuta na mashine, ili umeme ukikatika iishike mashine isizimike ghafla. Niliiona duka la kando ya njia Bidbid, nikirudi kutoka Maskati, nikaichagua kwa namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi. Sawa na kumwoza binti kwa ukubwa wa kilemba cha bwana harusi.

Wiki mbili zikawa shwari. Kisha ikaanza kila Alhamisi alasiri. Umeme upo, taa zinawaka, AC inavuma, na UPS inapiga ukelele mmoja mrefu hadi nausikia njiani nikirudi msikitini. Naingia, nakuta kompyuta inajiwasha upya, chumba hakina mtu. Kisha Mama: "Mbona mmeninyamazia?" Alhamisi tu, siku nyingine hapana. Mimi mwenye rafu za vitabu hadi darini, nikaanza kutafuta visababu vya kutoingia chumba kile siku hiyo. Alhamisi ya tatu, taa moja ya sanduku ikawa nyekundu. Diski moja imekufa.

Nikamwendea Nasor, Mwomani aliyezaliwa Bujumbura, mwenye duka la kompyuta sokoni hapa.

"Mzee, nyie Waunguja maneno mengi," akanikata. "Sema tu umechomeka nini kwenye hiyo UPS."

"Kompyuta, skrini na sanduku."

"Na nini tena?"

"Basi. Unanihoji kama askari?"

"Twende nikaone."

Akapiga magoti nyuma ya meza, akanusa. "Mzee, UPS yako inanukia udi."

Asya alikuwa mlangoni, mtandio umemfunika nusu ya uso. Yakamtoka yote. Kila Alhamisi mimi nikienda kusali alasiri, alichomeka chetezo cha umeme kwenye tundu la nyuma la UPS, kwa kuwa lilikuwa tupu, akafukiza chumba ili Mama atulie. Chetezo kile kinakula umeme kuliko kompyuta tatu. UPS ikazidiwa, ikalia, ikazima kila kitu. Naye akachomoa, akabonyeza kiwashio, akakimbia. Alimfukiza Mama kwa kuwa anasema, na Mama alisema kwa kuwa anafukizwa.

Nilitaka kucheka. Asya hakucheka.

"Na ile siku ya kwanza? Nilikuwa sijafukiza."

"Siku ya kwanza umeme ulikatika."

"Kwa nini ulikatika?"

"Mama, umeme wa Ibra hauna kwa nini," Nasor akamjibu Asya.

Kisha akanifundisha, nami, ambaye sipendi kufundishwa, nikasikiliza. Namba ya kwenye boksi si kitu. Jumlisha vinavyokula vifaa vyako, uache na nafasi. Chukua inayonyanyua umeme uliopungua bila kugusa betri, maana huku umeme hupungua mara nyingi kuliko kukatika. Usiiweke dirishani, joto linaua betri. Na lazima itoke waya kutoka UPS hadi kwenye sanduku, ili sanduku lijue umeme umekwenda, lijifunge lenyewe.

"Nataka itakayokaa saa tatu," nikamwambia.

"Za nini? Hii si ya kuendelea na kazi, Mzee. Ni ya kufunga vizuri. Dakika kumi zinatosha."

Jumatano asubuhi akatia UPS mpya na diski mpya, sanduku likaanza kuhamisha kila kitu kutoka diski ya zamani. "Itachukua siku nzima," akasema. "Na hii ya zamani mgonjwa. Ikizimika ghafla mara moja tu, msahau mama yenu."

Saa saba mchana, kazi imepita nusu, Mama Mdogo kwenye kiti chake anazungumza na dada yake, AC ikanyamaza. Mtaa mzima ukanyamaza. UPS ikaanza kulia, mlio mfupi, tena mlio mfupi, na katikati yake Mama anaendelea kusema kama hapakutokea kitu. Nadhani alisikika hadi njiani. Mimi nilijua zimebaki dakika kumi. Mama Mdogo hakujua. Sijui nani alinitia neno mdomoni, nikamwinamia:

"Mama Mdogo, dada anaondoka. Muage."

"Anakwenda wapi?"

"Anakwenda tu."

Akaivuta kanga yake vizuri mabegani. "Dada," akasema, "lile neno nililokutupia jikoni, siku ya arusi yangu. Nisamehe."

Kimya. Kisha Mama: "Hayo yamekwisha. Funga dirisha hilo, vumbi linaingia."

Alikuwa akikwambia wewe, Rahma, siku mliporikodi. Najua. Lakini Asya aliinuka akalifunga dirisha, katika joto lile, na mimi sikumzuia. Sanduku likajifunga, taa moja, kisha ya pili, polepole, na kompyuta nyuma yake.

Umeme uliporudi nikanyoosha mkono niliwashe. Mama Mdogo akaweka kiganja chake juu ya sanduku.

"Nimekwisha kumuaga. Unamwitia nini?"

Nikamweleza diski, nikamweleza nusu iliyobaki. Nikabishana, Rahma, na bibi kizee asiyejua jina langu, nikashindwa. "Khalas, mwache," Asya akaniambia. Nikangoja hadi Mama Mdogo aliposimama kusali magharibi, nikaliwasha kama mwizi, nimekwisha kuifuta ile amri ya kufungua kanda. Kabla ya alfajiri taa zote mbili zikawa kijani. Mama amepona.

Mama Mdogo akaja akaziangalia. "Yumo," akasema. "Lakini hasemi. Amekasirika na nani?"

"Hajakasirika na mtu."

"Basi muulize."

Sikumuuliza. Tangu siku ile hakuna aliyefungua kanda nyumbani humu. Sauti haijapata kuwa salama namna hii, na hakuna anayeisikiliza.

Kanda zote nimezitia kwenye CD, nakuletea kwa mkono wa jirani yetu anayekuja Unguja arusini. Atazibeba mkononi, hatazitia kwenye mizigo. Zisikilize mchana, mlango wazi. Mama akinyamaza usiseme neno, ngoja. Kisha niandikie ukweli, usinihurumie: kimya kile ni cha mtu aliyemaliza, au cha mtu anayengoja?

Nisalimie mumeo, na mwanao mkubwa aliyebeba jina langu, umwambie asibebe na ulimi wangu. Nisalimie yule mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mwambie bado nambishia. Asya anakubusu mikono. Chetezo amekirudisha ukumbini. Mama Mdogo nilimwambia naandika barua ya Unguja, nikamuuliza ana salamu gani. Akasema: "Mwambie dada arudi tu. Dirisha tumefunga."

Ndizo salamu zake. Nimezifikisha kama zilivyo.

Kaka yako mwenye maneno mengi, leo yamempungukia,
Seif