Kliniki ya Mbalamwezi

Jumatatu, 6 Mei
Mizani ya watoto tayari. Chanjo kwenye boksi la barafu. Nimenunua raba mpya soko la Mwanga, za zamani zilibaki kwenye tope. Hospitalini wananicheka, eti daktari wa watoto anayechora ramani za njia za milimani. Wacheke! Nimetoka Tanga kuja kutibu watoto, nikapenda na njia. Kosa langu nini?

Ninayemuwaza ni Bahati. Miezi tisa, kilo tano na nusu, mikono kama njiti. Wiki mbili zilizopita, safari yetu ya kwanza ya kliniki kwenye vijiji vya ziwani, nilimpa mama yake pakiti za lishe. Sasa zinakaribia kwisha. Asipoongezeka, namleta mjini alazwe.

Jumanne, 7 Mei
Tumefika kijijini kwa boti. Mara ya kwanza ufukwe ulijaa akina mama. Leo wamekuja watatu. Mizani inaning'inia bandani, haina mtoto.

Nilifoka. Nikasema mengi juu ya akina mama wasiojali watoto wao. Sista Yusta, nesi wangu, mzaliwa wa Ujiji, kaendelea tu kupanga chanjo.

Bahati hakuja. Mwenyekiti wa kijiji anasema yeye na mama yake wako ghuba ya pili, na ziwa limechafuka, boti haipiti. Naogopa. Sitaki hata kuandika ninachokiwaza.

Jumatano, 8 Mei
Tumekwenda kwa miguu alfajiri, mimi na Yusta, mizani begani. Saa tatu nzima. Nimeteleza mara mbili. Nimepotea mara moja, ramani mkononi! Nyani walitutazama kama vichekesho.

Juu ya kilima nikaiona ghuba. Mchanga wote mweupe kwa dagaa, na akina mama wote wameinama wanawageuza.

Yusta akacheka mpaka akakaa chini. "Dokta, hizi ni siku za giza, usiku hakuna mwezi. Wavuvi wanaingia ziwani na taa kila usiku, na dagaa wakilala bila kuanikwa wanaoza. Ile siku ya kwanza ulibahatika, ilikuwa mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, watu wanapumzika."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Ratiba niliipanga mwenyewe, ofisini. Aibu yangu.

Mama Bahati kanisalimu kwa makofi, Kiha kabisa: "Mwakeye, dokta!" Bahati kakaa ndani ya beseni, anatafuna kichwa cha dagaa. Tukamning'iniza. Akapiga mateke, mshale ukacheza, ukatulia. Kilo sita na nukta moja!

Nilipiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Nilicheza, ndiyo, mimi.

"Pakiti ya mwisho kaimaliza jana," mama yake akasema. "Nilijua utakuja tu."

Na mimi jana nilimwita asiyejali. Nimempa pakiti nyingine, nikainama naye kugeuza dagaa hadi mchana. Mgongo wangu unalia. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 10 Mei
Nyumbani, Katubuka. Nguo nimefua mara mbili, bado zinanuka dagaa. Paka wa jirani kalala mlangoni, haondoki.

Njia mpya nimeichora kwenye ramani. Kwenye ratiba ya kliniki nimefuta tarehe zote, nimeandika: mbalamwezi. Safari hii nimemuuliza Yusta kwanza.