Sifuri Uliyokuwa Unaitafuna

Kokugonza mwenzangu,

Huko uliko najua unasikia, maana hata ulipokuwa hai ulisikia mpaka yasiyokuhusu. Anayeandika ni mjukuu wangu Jovina. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupamba.

Kibanja chako cha migomba nimekitandazia nyasi mpaka ukingoni mwa kaburi. Ule mgomba uliosema utaanguka umeanguka. Mkungu tumeula. Usinune.

Kuna jambo nilikuficha. Tangu tukuzike sijaingia kanisani. Mchungaji nilimwambia mguu unauma. Mguu mzima kabisa! Nilikuwa naogopa ule ubao wa namba za nyimbo.

Wewe ndiye uliyenisomea. Ulifika darasa la tatu, mimi shule sikuiingia hata siku moja, na penseli nilikukatalia: mtu mzima nishikwe mkono kama mtoto? Ukaja na maharage. Kila Jumapili unatazama ubao, unayapanga kwenye benchi kati yetu, mafungu matatu. Nikiona yamekaa vile, najua wimbo gani unakuja. Penye sifuri uliweka buni moja, kahawa yetu ya kutafuna. Halafu, mlafi wewe, unaitafuna! Siku ile ya harusi sifuri ilikuwa imeshaingia tumboni mwako, nikaona maharage mawili na matano tu, nikapaza sauti na wimbo wa mazishi. Bibi harusi akageuka. Ukanikanyaga: "Imba polepole, Mungu si kiziwi."

Nacheka hapa. Jovina ananitazama.

Huyu Jovina anauza vitenge Nkwenda, na siku hizi ana habari za namba za malaika. Akiona tatu tatu tatu kwenye simu, analindwa. Akiona nne nne nne kwenye namba za luku ya umeme, marehemu yuko karibu. Juzi pikipiki iliyomleta ilikuwa na nne nne nne kwenye namba yake. "Bibi, huyo ni Bibi Kokugonza!" Nikamwambia Kokugonza hajawahi kupanda pikipiki, mwoga yule. Malaika wana kazi, hawakai wakibandika namba kwenye pikipiki za watu.

Nikaendelea kumenya ndizi. Lakini mwenzangu, nilitaka iwe kweli. Nilitaka sana. Mwisho nikamuuliza, hao malaika hawawezi kutuma namba hata moja nikaielewa mimi?

Akasema, "Twende Jumapili, Bibi. Namba nitakusomea mimi."

Nikaenda. Maharage na buni nilivifunga kwenye pindo la kitenge, kwa mazoea tu. Benchi letu lilikuwa vilevile, upande wako mtupu. Nikakaa. Nikainua macho kwenye ubao, na mkono ukaanza kazi kabla sijauambia kitu. Maharage matatu. Buni. Maharage saba.

Jovina hakuwa amefungua mdomo. Alitazama ubao, akatazama benchi, akaninong'oneza: "Bibi, nani amekusomea?"

Kokugonza, miaka yote ile nilidhani natazama maharage tu. Kumbe kila ulipoutazama ubao, na mimi nilikuwa nautazama. Umenisomesha bila kuniambia, mjanja wewe.

Jovina anasema tatu sifuri saba si namba ya malaika, haimo kwenye zile zao. Nikamwambia nyamaza uimbe. Sikukosea wimbo. Nililia, ndiyo, lakini nilikuwa kwenye wimbo wenyewe.

Basi, mwenzangu, lala. Jumapili zote nitakaa palepale mpaka mguu uume kweli, na upande wako sitaweka hata mkoba. Maharage nitapanga mwenyewe. Buni nitaiacha benchini mpaka wimbo uishe.

Halafu nitakutafunia.

Mwenzako wa benchi,
Chonyonyo