Pipa Nililolifukiza

Daudi mdogo wangu, kabla hujaanza kumsomea Mama, mtume Neema akachote maji. Akishaondoka, endelea.

Mama, shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mvua imefika huko Getanuwas, au bado mnaangalia mlima tu? Nasikia siku hizi mko mkoa wa Manyara, siyo Arusha tena. Sijui kama barua itawapata, nimeandika Hanang kwa herufi kubwa. Mimi mwili ni mzima. Mengine siyo mazuri, nitayasema kama yalivyo.

Unajua huku Italia nafanya kazi kwa mzee mmoja na mkewe. Wanalima zabibu kwenye mteremko ambao hata mbuzi wetu wangeukataa, na wanatengeneza divai. Hawaweki dawa, sukari wala hamira. Wanakanyaga zabibu, juisi inachacha yenyewe, basi. Mzee anajivunia hilo kuliko watoto wake. Miaka miwili nimepanda na kushuka kile kilima na kikapu mgongoni, na kwa kuwa sikulalamika, aliahidi kwamba divai ya mwaka huu ikiuzwa ataweka sahihi kwenye karatasi za kumleta mwanangu Neema. Bila sahihi ya mwajiri, mtoto hapati kibali.

Mavuno yalipofika akanipa pipa kubwa la mbao. "Lisafishe kama la nyumbani kwenu," akasema.

Mama, nililifungua likanuka uchachu, nikakukumbuka ukisema, "Kibuyu ambacho hakijapigwa moshi usiniletee mimi, maziwa yangu hayalali humo." Nikaliosha kwa maji ya moto, halafu nikachukua vijinga vya mzeituni, nikalifukiza ndani mpaka likanukia vizuri kabisa, nikalifuta majivu na kulisuuza. Nilifanya kwa mapenzi. Hata nilijisifu moyoni.

Wakalijaza juisi ya zabibu za juu kabisa, zile nzuri kuliko zote. Miezi ikapita, wakaja wanunuzi kutoka mjini. Wa kwanza akaonja, akatema, akauliza kama nyumba iliungua. Mzee naye akaonja. Akaonja tena. Akauliza nani alisafisha pipa.

"Mimi," nikasema, mjinga mimi, huku natabasamu, nikidhani anataka kunipongeza.

Akaniambia nieleze mbele ya wageni nilivyofanya. Nikaeleza yote, mpaka vibuyu vyako. Walicheka hadi mmoja akafuta machozi. Mke wa mzee akaigiza mtu anayetikisa kibuyu, wakaanza kucheka upya. Niliwachukia, Mama. Bado nawachukia.

Watengenezaji wengine wangeweka dawa wakaufunika ule moshi. Yeye haweki kitu. Kesho yake akanipa ndoo nikamwage divai yote mtaroni, ndoo baada ya ndoo, yeye amekaa kwenye kiti ananitazama. Nilipomaliza nikamkumbusha karatasi za mtoto. Hakupaza sauti.

"Wewe peke yako umeniharibia mwaka," akasema. "Nikikuletea na binti yako, mtaniharibia mingapi?"

Akaingia ndani kula. Jioni nikarudishiwa zile karatasi hazina sahihi. Mkewe alikuwa ameandika nyuma yake orodha ya vitu vya kununua sokoni.

Kazi sijafukuzwa. Kupogoa mizabibu kunaanza, na hapati mwingine wa kupanda kile kilima. Anajua sina pa kwenda. Kila mgeni akija naitwa nikaeleze habari ya vibuyu, na naeleza.

Msalimie kaka mkubwa anayechunga upande wa Balangdalalu. Shangazi aliyelazwa Haydom, kama amesharuhusiwa, mpe pole yangu. Katekista aliyeniombea siku ya safari mwambie nashukuru, usimwambie zaidi.

Neema usimdanganye kwamba bado kidogo. Mwambie mama yake alikosea kazi, kwa hiyo yeye hatakuja huku. Akilia mwache alie. Lile begi alilofunga lifungueni, nguo zirudi kwenye matumizi. Na vile viatu nilivyomtumia vya kupandia ndege, Daudi aliniandikia kwamba anavitunza kwenye boksi na hataki mtu avishike. Mvalishe leo hii, aende navyo hata machungani, maana mguu unakua na ndege haipo.

Ni mimi binti yako,
Marselina